Mkaaji wa Kiti cha Nyuma

Kiti kilikuwa cha moto.

Haukuwa moto wa jua. Banda lile halikuwa na dirisha upande wa mashariki, na saa ilikuwa moja na nusu asubuhi, mabati bado yanadondosha umande. Ulikuwa moto wa benchi ambalo mtu ameondoka sasa hivi. Mshona viti alirudisha kiganja, akakipeleka tena. Upande wa kulia wa kiti cha nyuma ulikuwa baridi. Upande wa kushoto ulikuwa vuguvugu, kama shuka la mtu aliyeamka kwenda kunywa maji.

"Kaka," aliita, "ulilala humu?"

"Mimi nina mke na kitanda," kaka yake alijibu kutoka chini ya gari la pili, miguu tu ikionekana. "Nilale kwenye gari la watu, nimekuwa paka?"

Mshona viti akacheka, akachukua koleo yake, akaanza kung'oa misumari ya kava. Lakini alianzia upande wa kulia.

Mtaani waliwaita Sindano na Spana. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, dada na kaka. Yeye fundi wa viti, kaka yake fundi wa injini, na kwa miaka mingi waliletewa kazi pamoja, kama sufuria na mfuniko wake. Safari hii mwenye kazi alikuwa Daktari, mzee aliyeng'oa meno ya watu miaka arobaini mpaka mikono ikaanza kutetemeka. Alikuwa anahamia kwa binti yake, na kwa binti yake palikuwa na nafasi ya gari moja tu. Yeye alikuwa nayo mawili, yote ya Kifaransa, yote ya kale, ila hayakuwa ya rika moja.

La kwanza lilitoka kiwandani miaka ya thelathini, kabla ya vita kuu ya pili. Lilikuwa jeusi, madigadi ya juu ya magurudumu yamefura kama mashavu ya mtu anayepuliza moto, milango ya mbele ikifunguka kinyumenyume, na mkono wa gia umechomoza kwenye dashibodi kama mpini wa mwavuli. Ndugu wale walilibatiza jina: Bibi Kizee. La pili lilizaliwa miaka thelathini na tano baadaye, rangi ya maziwa, pua ndefu kama ya samaki, taa zake zikigeuza macho dereva akikata kona. Hilo waliliita Malkia. Malkia hakuwa na springi hata moja chini yake. Alibebwa na mafuta na mipira ya chuma iliyojaa gesi. Ukiwasha injini anainuka, nyuma kwanza kisha mbele, kama ngamia. Ukimzima na kumwacha, baada ya saa kadhaa anashuka taratibu mpaka tumbo linakaribia sakafu.

"Yafanyieni kazi yote mawili," Daktari aliwaambia akiwafungulia banda lililokuwa uani kwake, "halafu mniambie nibaki na lipi. Kuna bwana mmoja anayekusanya magari ya kale. Amesema atachukua lolote nitakaloliacha. Msinionee haya."

Basi walibishana kutwa. Spana alikuwa upande wa Malkia. "Huyu akipita kwenye shimo, shimo ni habari ya kusikia tu. Unakunywa maji kwenye glasi bila kujimwagia. Hawa Wafaransa walikuwa wametangulia dunia nzima."

"Na bomba moja likipasuka?" Sindano aliuliza.

"Analala."

"Analala barabarani kama mlevi, hasogei mpaka aje fundi aliyesomea. Bibi Kizee ukiwa na nyundo na subira, atakufikisha. Anayetaka gari la kukaa nalo uzeeni achukue lile analolielewa."

"Wewe unapenda viti vyake tu."

Hilo lilikuwa kweli. Viti vya Bibi Kizee vilitengenezwa kwa mkono, springi zimefungwa kwa kamba moja moja, juu yake singa za farasi zilizosokotwa na kushindiliwa. Siku hizi hakuna anayeshona hivyo. Sindano alipofunua kava la nyuma ndipo alipoona singa zile zimebonyea upande wa kushoto, shimo la kina cha mkono wake hadi kwenye kiwiko. Katika kazi yake alishajua kwamba kiti hakisemi uongo. Mtu mnene, mtu mwembamba, mtu anayekaa kwa ubavu mmoja kwa sababu ya jipu, kiti kitasema. Na shimo hili lilisema mtu mmoja, mzito mno, miaka mingi.

"Daktari," aliuliza mzee alipopita na bakora yake, "huku nyuma alikuwa anakaa nani?"

Mzee alisimama. "Hakuna. Mimi na marehemu mke wangu tulikaa mbele. Nyuma hatukupakia mtu."

"Hata mara moja?"

"Nimesema hatukupakia." Akaondoka haraka kuliko bakora ilivyotaka.

Singa zilikuwa zimeliwa na wadudu. Sindano alizikusanya zote, akazitia kwenye pipa uani, akawasha moto. Harufu iliyotoka hakuitegemea. Ilikuwa kali, ya mfupa, ile harufu anayoijua kila aliyewahi kukaa kwenye kiti cha daktari wa meno jino linapochongwa. Moshi nao haukupanda. Ulimwagika kwenye ukingo wa pipa, ukateleza chini kama maji ya kudekia, ukaingia bandani kupitia chini ya mlango. Sindano alisubiri utoke kwenye matundu ya mabati. Haukutoka.

Kesho yake asubuhi Spana alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Nani amewasha Malkia?"

Malkia alikuwa wima. Alitakiwa kuwa amelala kwenye tumbo lake, maana hakuwashwa tangu juzi; lakini alikuwa ameinuka mpaka mwisho, magurudumu yako wazi yote, kama mtu aliyekunja nguo kuvuka tope. Betri yake ilikuwa juu ya meza, palepale walipoiacha, imefunikwa gunia.

"Labda umeacha jeki," Sindano alisema.

Spana aliinama, akachungulia. "Hakuna jeki." Akaweka kiganja juu ya boneti. "Na injini ni baridi. Mafuta hayapandi yenyewe, mdogo wangu. Lazima pampu iyasukume, na pampu lazima..."

Hakumaliza, kwa sababu upande wa kushoto wa nyuma Malkia alianza kushuka. Alishuka polepole, bila mlio, kama gari linavyoshuka mtu mzito anapoingia na kujipweteka, akatulia hapo. Walihesabu pumzi. Kisha akainuka tena, taratibu, kama mtu ameghairi na kutoka. Na kabla hawajatazamana, kwenye Bibi Kizee, ambaye mlango wake wa nyuma ulikuwa wazi na kiti chake kimebaki mifupa mitupu, springi moja ililia. Ikafuata ya pili. Kisha zote zikalia kwa pamoja, zikibonyea moja baada ya nyingine chini ya kitu kilichokuwa kinahangaika kutafuta pa kukaa, kinageuka huku, kinageuka kule, kama mzee aliyekuta mto wake umeondolewa. Halafu kimya.

"Tutoke," Spana alinong'ona. "Usikimbie. Tutoke tu."

Walirudi kinyumenyume. Hatua ya tatu Spana alisimama, akainama ghafla, mikono ikashika magoti.

"Nani ameniegemea?" aliuliza.

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Tangu saa ile hakuweza kunyooka. Alifika nyumbani ameinama kama anayetafuta shilingi iliyoanguka, na mkewe alidhani ni mgongo wa mafundi, akamkanda kwa maji ya moto. Usiku kitanda kilivunjika. Hospitali walimpiga picha ya mgongo, wakasema mifupa ni safi, apumzike. Lakini Sindano, aliyekwenda naye na kurudi naye kwa miguu kwenye njia yenye tope, aligeuka nyuma na kuona nyayo zao. Zake zilikuwa za mtu, na za kaka yake, mwembamba yule ambaye upepo ungeweza kumpeperusha, zilikuwa zimezama mpaka kwenye kifundo, zikijaa maji.

Siku ya tatu alimkuta amelala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, anapumua kifupifupi, na kila pumzi ikitoka na mluzi mwembamba.

"Anauliza," alisema.

"Nani?"

"Punguza sauti. Nikitaka kusinzia tu anauliza. Hapa sikioni, mdomo wake uko hapa hapa."

"Anauliza nini, kaka?"

Machozi yalimtoka Spana, yakatiririka kwenye saruji. "Kiti changu kiko wapi."

Kwenye kona ya duka la dawa kulikuwa na mama aliyekaa na mizani ya kusimamia, watu wanapita wanapima uzito. Wote walimwita Mama Mizani. Mchana alipima uzito wa watu. Na ilisemwa, kwa sauti ya chini, kwamba aliweza pia kupima wasichokijua kuwa wamebeba. Sindano alipita mbele yake miaka na miaka akicheka kimoyomoyo. Siku ile alimpeleka kaka yake kwa mkokoteni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mpandishe."

Spana alipanda kwa kushikwa. Mshale ukazunguka, ukapita sitini, uzito wake wa siku zote, ukapita mia, ukasimama mia na arobaini na tatu. Mama Mizani hakushtuka. Alisogeza kigoda chake karibu, akatazama mahali palipo juu kidogo ya bega la Spana, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyebebwa mgongoni mwa mwenyeji.

"Nani kachoma kiti chake?" aliuliza.

Sindano alijigusa kifua. "Mimi. Sikujua."

"Nimeuliza nani, sijauliza kama ulijua. Huyu hana ugomvi na kaka yako. Alikuwa na kwake, amekaa zake miaka, hamlalii mtu, hamwombi mtu kitu. Umemvunjia, ameketi palipo karibu. Mkimfukuza kwa fimbo atahamia kwa mke, kisha kwa watoto. Anataka kiti. Na aliyebomoa ndiye atakayejenga."

"Nitashona, mama. Nitashona hata leo."

"Kwa kipimo gani?"

Sindano alitoa futi yake mfukoni, mama akaisukuma kando.

"Mpime kwanza. Kiti cha kubahatisha atakikataa, na akikataa mara moja hakubali tena. Halafu msimchagulie. Magari ni mawili, shona viti viwili. Mtu aliyechaguliwa nyumba haishi kulalamika."

Walimkuta Daktari barazani anafunga vitabu kwenye maboksi. Alipoona jinsi Spana alivyoshushwa kwenye mkokoteni, hakuuliza kuna nini. Alikaa chini, akafunika uso.

"Ulijua," Sindano alisema.

"Niliponunua lile jeusi, mama aliyeniuzia aliniambia neno moja: nyuma usimpakie mtu. Nilimwona mshirikina. Mwaka wa kwanza nikampa lifti mgonjwa wangu. Safari ya dakika kumi. Aliposhuka nywele zimekuwa nyeupe, na hakusema tena mpaka anazikwa." Mzee alifuta macho. "Sikumpakia mtu tena. Miaka thelathini na minane."

"Na sisi? Kwa nini hukutuambia?"

"Ningewaambia, mngekuja?"

Sindano alitaka kumtukana, na ulimi ukawa tayari, lakini mluzi wa pumzi ya kaka yake ulimkumbusha kwamba matusi yanaweza kusubiri. "Tunatakiwa kumpima," alisema. "Futi yangu haipimi kisichoonekana."

Mzee alitazama viganja vyake. Kisha akasema, "Mimi nimepima vinywa vya watu miaka arobaini, na sikuingiza futi mdomoni mwa mtu." Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plasta, ule unga mweupe wa kuchukulia umbo la meno.

Walifanya kazi hiyo saa nane mchana, mlango wa banda wazi, jua limesimama mlangoni lisitake kuingia. Walitandika ubao mpana juu ya matofali, na mwingine chini yake mahali pa miguu. Daktari alikoroga plasta kwenye beseni. Na Sindano aliona mikono ile, iliyotetemeka mpaka ikamwondoa kazini, imetulia kama ya kijana. Wakaimwaga, wakaisawazisha. Spana akasogezwa, akageuzwa mgongo kuelekea ubao.

Sindano alisimama mbele ya ubao. Alisema maneno aliyozoea kuwaambia wateja wote, kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. "Karibu ukae, nichukue kipimo."

Hakuna kilichotokea. Nzi alipita. Ndipo Spana akashusha pumzi ndefu, ya kwanza kwa siku tatu, akanyooka mgongo kidogo kidogo huku mifupa ikialika, akalia kwa sauti kama mtoto. Na nyuma yake, kwenye plasta nyeupe iliyolala laini kama maziwa kwenye bakuli, yakaanza kufunguka mashimo, mawili kwanza, yametengana mno, mapana kuliko nyonga za binadamu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha Sindano, na katikati yao mfereji uliojiviringisha mara tatu kama kamba iliyokunjwa, na nywele zake, kwa maana ulikuwa na nywele, zikichora mistari myembamba pembeni. Na kwenye ubao wa chini, taratibu, bila haraka, kama mtu anayestarehesha miguu baada ya safari, zikatokea alama mbili za mviringo, kila moja imepasuka katikati.

Plasta ilifuka mvuke. Harufu ya jino linalochongwa ikajaa banda.

"Usiangalie juu," Daktari alinong'ona. "Angalia umbo. Umbo tu."

Sindano hakuangalia juu. Aliona mashimo yakilegea, plasta ikavutwa kidogo na kukwanyuka; na Spana, ambaye alikuwa amenyooka na mikono yake juu kama anayeshukuru, alikunjika tena mpaka chini.

Sindano alishona wiki nzima, akikesha. Spana alilala kifudifudi kwenye mkeka kando yake, kwa sababu kila alipopelekwa mbali alipiga kelele. Sindano alifunga springi kwa kamba, akashindilia singa mpya alizozitafuta mji mzima, akilinganisha na umbo la plasta kila mara, na kadiri kiti kilivyokaribia kuwa kiti ndivyo alivyohisi kuwa kuna anayemsimamia, maana uzi aliouacha nyuma yake ulikazwa na mkono mwingine kabla hajauvuta, na sindano aliyoiweka kulia aliikuta kushoto, na mara moja, jua likiwa bado halijazama, kitu chenye kucha kilipita juu ya mshono wake kutoka mwanzo hadi mwisho, krrr, kama fundi mkuu anayekagua kazi ya mwanafunzi, kikasimama mahali alipokosea nyuzi mbili, kikagonga hapo. Mara moja. Mara mbili.

Sindano alikijibu kwa ulimi wa kazi. "Nimeona, mteja wangu," alisema. "Nafumua. Kiti kizuri hakiharakishwi."

Kutoka kwenye mkeka Spana, bila kuinua uso, alinong'ona, "Usimtanie, nakuomba. Anacheka, na akicheka anakuwa mzito."

Asubuhi ya uchaguzi Mama Mizani alikuja mwenyewe, mizani yake kwapani. Viti vilikuwa tayari, kimoja kwa Bibi Kizee, kimoja kwa Malkia, kwa kipimo kilekile. Milango ya nyuma yote miwili iliachwa wazi. Malkia aliwashwa, akainuka. Spana alisimamishwa katikati ya magari, uso umeangalia sakafu.

"Hili ni la zamani ulilolizoea," Mama Mizani alisema, kwa sauti ya kawaida, kama muuza duka. "Hili ni la baadaye. Chagua unalotaka. Ukishachagua, huyu mtu usimguse tena, wala mkewe, wala watoto wake, wala dada yake."

Spana alitikisika. Bibi Kizee ndiye aliyeinama kwanza. Springi mpya zilizama zote kwa mlio mmoja mzuri, na Sindano, pamoja na hofu yake yote, hakuweza kujizuia kuona kuwa zimezama sawasawa. Gari liliyumba kidogo, kama mtu anajaribu kujiegemeza. Kisha likapanda.

Malkia akashuka. Alishuka nyuma, kushoto, mpaka tairi ikafichwa. Ndipo pampu yake ikalia tik, tik, tik, mafuta yakapanda, na gari zima, pamoja na aliyekuwa ndani, likainuka polepole likarudi usawa wake, kama halikubeba kitu. Ndani ya gari lile tupu, mtu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya chini, ya starehe isiyo na mfano, na vioo vyote vikaingia ukungu.

Mlango ukajifunga wenyewe, kwa upole.

"Alaa," Spana alisema. Alikuwa amesimama wima, anajishika kiuno, anajishika mabega. "Si niliwaambia? Hata yeye kaona."

Alipopanda mizani ilisoma hamsini na nane. Mkewe aliyekuwa nje ya uzio alipiga kigelegele, kisha akalia.

Mkusanyaji alipofika walimweleza yote. Sindano alisisitiza, alisema hatakuwa Daktari wa pili. Mkusanyaji alikuwa bwana nadhifu, wa miaka sitini na ushei, mwenye sauti laini, na alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Alisema magari yake yako kwenye ukumbi, yamezungushiwa kamba, hayaendeshwi wala hayakaliwi na mtu. Alisema gari kama lile hajawahi kuwa nalo. Macho yake yaling'aa kama ya mtoto aliyeahidiwa kuku wa mayai ya dhahabu, na Mama Mizani alimtazama, akatikisa kichwa, akachukua mizani yake. Malkia akapakiwa kwenye lori, vioo bado na ukungu. Daktari alibaki na Bibi Kizee, na siku ya kuhama aliketi yeye mwenyewe kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza, akabembea kidogo, akasema kiti ni kizuri sana, ila kipana.

Wiki tatu zilipita. Spana alirudi kazini, utani wake ukarudi, ingawa mtoto wake mdogo alipodandia mgongo wake alimshusha haraka na kwenda kusimama uani peke yake.

Jumapili mchana wakiwa mezani, simu ya Sindano iliita. Alikuwa Mkusanyaji.

"Binti yangu," alisema, "viti vile vya kipimo kile. Unaweza kushona vingapi kwa wiki?"

"Kimoja, mzee. Viwili nikikesha. Kwani vipi?"

"Malkia alikaa vizuri siku nne. Siku ya tano nikakuta gari lililo pembeni yake limeinama nyuma. Nikasema ni upepo wa tairi. Kesho yake la tatu. Kisha la nne." Alinyamaza kupumua. "Nadhani amewaambia wenzake. Nadhani amesifia."

Sindano aliinuka mezani, akatoka nje na simu, ili kaka yake asisikie. Kitu katika sauti ile kilimfanya ashike ukuta. Pumzi zilikuwa fupi, nzito, na kila moja ilitoka na mluzi mwembamba.

"Mzee," alisema polepole, "umekaa au umesimama?"

"Siwezi kukaa. Wala kusimama." Nyuma ya sauti yake, ndani ya ukumbi, mlango wa gari ulifungwa kwa upole. Ukafuata mwingine. Na mwingine. "Nina magari kumi na tisa, binti yangu, na yote yamejaa. Mmoja amekosa kiti."